Jina la kwenye karte: safari ya Yaya kuelekea tribinali

LUBUMBASHI, Haut-Katanga. Mtu wa Lubumbashi hahitaji kufundishwa kwamba jina hubadilika. Mji wenyewe uliitwa Élisabethville mpaka mwaka 1966. Jimbo lilikuwa Katanga, wakati wa Mobutu likawa Shaba, mwaka 1997 likarudi kuwa Katanga, na mwaka 2015 likakatwa vipande vinne, ndipo hapa pakaitwa Haut-Katanga. Nchi nayo, tarehe 27 Oktoba 1971, iliacha kuitwa Kongo ikaitwa Zaire, pamoja na mto wake. Watu hawakuhama. Barabara zilibaki zile zile na nyumba zile zile. Kilichobadilika ni maandishi, na baada ya muda ulimi ukazoea.

Lakini mtu mmoja akisema anataka kubadili jina lake mwenyewe, jamaa wanashtuka, na mtaa unaanza kuongea. Wanashtuka zaidi kama huyo mtu aliandikwa mvulana siku alipozaliwa, naye leo anaishi kama mwanamke. Watu wa namna hiyo sasa huitwa transijenda, ingawa mtaani wanapewa majina mengine yasiyofaa kuandikwa hapa.

Ndiyo hali ya mshonaji mmoja wa komini ya Katuba, mwenye miaka 27, ambaye katika habari hii ataitwa Yaya. Ndivyo wadogo zake wanavyomwita, ndivyo na wateja wanavyomwita. Neno hilo lina faida yake: yaya ni yule aliyekutangulia kuzaliwa, awe wa kiume au wa kike. Jina lake la kweli halitaandikwa, wala la ndugu zake, kwa sababu anataka kuendelea kukaa mtaani kwake kwa amani.

Karte na sura

Mwaka jana shangazi yake alimtumia feza kutoka Likasi, za kununua vitambaa vya sare za kwaya. Yaya alikwenda kwenye kabini ya feza za simu kuzitoa. Mwenye kabini aliomba karte ya uchaguzi. Akaiangalia, akamwangalia Yaya, akaigeuza, akaiangalia tena.

“Hii karte ni ya kaka yako?”

Nyuma yake watu walikuwa wanangoja. Yaya alikuwa na majibu mawili tu. Akisema ndiyo, ni ya kaka yangu, hapati feza, kwani mwenye karte sharti awe hapo mwenyewe. Akisema ni yangu, foleni yote itasikia, na mtaa wote utajua kabla ya jioni. Akachukua karte yake, akasema amesahau kitu nyumbani, akaenda. Feza zilikaa kwenye simu siku tatu, mpaka alipozihamishia kwa mdogo wake, na huyo ndiye aliyekwenda kuzitoa kwenye kabini nyingine.

Mkongo anajua uzito wa karte ile. Kwa miaka mingi raia wengi hawakuwa na kitambulisho kingine cha taifa, na karte ya uchaguzi ndiyo ilishika nafasi hiyo. Ukifungua akaunti ya benki, unaombwa karte. Ukinunua namba ya simu, karte. Ukifika kwenye barieri usiku, karte. Ukipanda ndege Luano, karte. Ya Yaya ilitolewa mwaka 2023. Siku ya kupiga picha alivaa shati la mdogo wake na kuficha nywele, ili asiulizwe maswali na waandikishaji. Sasa picha ile, pamoja na jina la mtume lililo chini yake na herufi M, ndiyo inayomletea maswali kila mahali.

Maswali ya kabini siyo mabaya kuliko yote. Miezi michache kabla ya hapo, atelie moja kubwa inayoshona nguo za kazi za wachimba madini ilikuwa inatafuta washonaji. Yaya alifanya jaribio, akashona mfuko na kola, akaambiwa kazi ni safi. Kisha msimamizi akasema: kesho leta karte na diploma ya taifa, tuandike mkataba. Yaya hakurudi kesho yake, wala siku nyingine. Mshahara ule ungelipa masomo ya mdogo wake wa mwisho. Mama yake mpaka leo anaulizia ile kazi iliishia wapi.

Lugha ya nyumbani haikumsumbua

Nyumbani kwao Kiswahili ndicho kinachoongewa, na Kiswahili hakimwulizi mtu jinsia kila anapofungua kinywa. Amekuja, amekula, amelala: ni sawa kwa wote. Mtoto wangu, mdogo wangu, mwenzangu: hakuna anayejua kama ni wa kike au wa kiume mpaka aonekane. Hata nkambo, hapa Katanga, ni bibi au babu. Kwa hiyo mama yake Yaya alipitisha miaka mingi bila kulazimika kuchagua neno. Alisema “mtoto wangu,” na neno hilo lilikuwa la kweli kila siku.

Shida ilianza shuleni, na ilianza kwa Kifaransa. Kwenye fomu, mtu ni “né” au “née”, na tofauti ni herufi moja mwishoni. Mwalimu anaita “Monsieur” halafu darasa linacheka. Jina lenyewe halikuwa na shida sana, kwa kuwa majina mengi ya Kikongo hayatenganishi mwanamume na mwanamke. Jina la kwanza la Yaya ni la ukoo, la babu mzaa baba. Jina la pili, lile ambalo Wakongo huliita postinomu, linaweza kuvaliwa na yeyote. Lililobaki ni lile la tatu, jina la ubatizo. Hilo ndilo linalotangulia kusomwa, na hilo ndilo linalomsaliti.

Mlango ulioachwa na Mobutu

Alipoamua kuuliza, alikwenda kwa avoka mmoja mwanamke ambaye alikuwa mteja wake wa vikwembe. Alimwendea jioni, duka likiwa limefungwa. Avoka hakucheka, wala hakumwuliza maswali ya mwili. Alimwuliza jambo moja: “Unataka kubadili jina, au unataka kubadili herufi ya jinsia? Kwa sheria hayo ni mambo mawili.”

Kuhusu jina, sheria ipo. Ni Kodi ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2016. Kifungu cha 64 kinaanza kwa kukataza: hairuhusiwi kubadili jina, lote au sehemu yake, wala namna linavyoandikwa, wala mpangilio wake. Kisha kinafungua mlango: tribinali ya amani ya mahali anapoishi mwombaji inaweza kuruhusu mabadiliko kwa sababu ya haki, na hasa kama jina halikufuata kifungu cha 58. Hicho cha 58 kinasema majina yachotwe katika urithi wa utamaduni wa Kongo, na yasiwe ya kutukana, kudhalilisha wala kuchokoza.

Kifungu hicho kina historia ndefu. Mwaka 1972, katika siasa ya kurudia asili, Joseph-Désiré Mobutu alijiita Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga, na raia wote wakaamriwa kuacha majina ya Kikristo. Kadinali Joseph-Albert Malula wa Kinshasa alipinga, na ugomvi ukafika mpaka akalazimika kwenda kukaa Roma kwa muda. Wazee wa Lubumbashi wanakumbuka jinsi kina Albert na kina Marie walivyoamka na majina mapya, huku nyumbani wakiendelea kuitwa yale ya zamani. Mwaka 1990 Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja, majina ya ubatizo yalirudi, na leo watoto wengi wanaandikwa nayo bila mtu kuuliza. Lakini maneno ya kifungu cha 58 yanabaki kwenye kodi.

Avoka alieleza kwa urahisi: jina la ubatizo la Yaya halikutoka katika urithi wa Kongo. Anaweza kuomba liondolewe, liwekwe jina la Kikongo mahali pake. Hakimu atakuwa na kifungu cha kushikilia, na hakuna atakayelazimika kuongea habari za mwili wa mtu mbele ya watu.

Kuhusu herufi ya jinsia, jibu lilikuwa fupi zaidi. Kodi ya Familia ina njia ya kusahihisha kosa lililoingia katika cheti cha kuzaliwa, lakini haina hata kifungu kimoja kinachosema mtu afanye nini akiwa anaishi katika jinsia tofauti na ile aliyoandikiwa. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 31, inalinda maisha ya faragha ya kila mtu. Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 40, inataja ndoa kuwa ya watu wa jinsia mbili tofauti, na mahakimu wengi husoma mambo ya jinsia kwa jicho hilo. Kuna pia kifungu cha 176 cha Kodi ya Adhabu, kinachohusu kuvunja maadili hadharani. Hakiwataji transijenda. Lakini maneno yake ni mapana, na mtu maskini asiye na mtu wa kumtetea anakiogopa.

“Herufi tuiache kwanza,” avoka alisema. “Tuanze na kile ambacho sheria imekiandika.”

Nusu ya ukweli

Yaya alirudi nyumbani na karatasi ya maelezo, akakaa nayo miezi miwili bila kufanya kitu. Woga ulikuwepo, lakini kilichomzuia hasa kilikuwa swali lililomkaa moyoni: akienda mbele ya hakimu na kusema anataka jina la Kikongo kwa ajili ya urithi wa wazee, je, hiyo si kujificha? Miaka yote amejificha. Alitaka siku moja aseme jambo lake kwa sauti, kisha liandikwe.

Kwa upande mwingine, kusema yote kuna bei. Hukumu ya kubadili jina haikai ndani ya droo ya hakimu. Inapelekwa kwenye ofisi ya hali ya raia, na hukumu za namna hiyo hutangazwa katika Gazeti Rasmi la serikali. Sababu ikiandikwa wazi, itasomeka wazi. Mwenye nyumba atasikia. Kwaya inayomletea kazi itasikia. Tayari jirani mmoja, mzee wa kanisa, aliwahi kumwambia mama yake mlangoni kwamba Mungu hakosei anapoumba, na kwamba nyumba inayomficha mtoto kama huyo itakosa baraka. Mzee huyo si mtu mbaya. Ndiye aliyewaazima jeneza la baba lilipokosekana la kununua, na mama hawezi kumjibu kwa ukali. Lakini maneno yake yalibaki ndani ya nyumba wiki nzima.

Nairobi, mwaka 2014, mwanamke mmoja alichagua kusema yote. Audrey Mbugua alikuwa amefanya mtihani wa mwisho wa sekondari mwaka 2001 kwa jina la kiume. Alibadili jina kwa njia ya kisheria, lakini baraza la mitihani la Kenya lilikataa kubadili cheti chake. Akaenda Mahakama Kuu. Tarehe 7 Oktoba 2014 jaji aliamuru baraza litoe cheti kipya chenye jina lake jipya, bila alama ya jinsia. Hoja iliyopita ilikuwa rahisi: cheti kinaonyesha mtu alipata alama gani, na kanuni za baraza hazikudai kionyeshe kama mwenye alama ni wa kike au wa kiume. Wakongo wanaoishi Nairobi waliifuata kesi hiyo, na habari zake zilifika mpaka huku. Yaya anaijua vizuri. Anajua pia kwamba Audrey alipambana mbele ya kamera, jina na sura yake vikajulikana nchi nzima, na kwamba si kila mtu anaweza kubeba mzigo huo. “Yeye alifungua njia kubwa,” Yaya anasema. “Mimi natafuta kanjia ka kupita na cherehani yangu.”

Mwishowe alipata jibu lililomtuliza. Alimwambia avoka: “Kusema nataka jina la wazee wangu si uongo. Ni nusu. Nusu nyingine ni yangu, na sitaiuza kwa hakimu kwa bei ya karatasi.”

Jina halichukuliwi, linapewa

Ilibaki kujua jina gani. Yaya alikuwa tayari na jina zuri la kike, alilolipenda tangu utotoni. Avoka alimwonya: jina la kike kabisa, likikaa juu ya herufi M, litaleta shida ile ile kwa upande mwingine. Askari wa barieri atauliza tena, safari hii kwa sauti ya juu zaidi. Afadhali jina ambalo halimwulizi mtu chochote.

Ndipo ilipobidi kuongea na mama. Mpaka hapo mama alijua na hakujua, kama wazazi wengi. Aliona nguo, aliona nywele, hakusema. Jioni moja, wakati wa kusonga bukari, Yaya alimweleza kwamba anataka kwenda tribinali. Mama aliacha mwiko ndani ya sufuria.

“Unataka kutupa jina la babu yako?”

Hiyo ndiyo ilikuwa hofu yake yote. Mtoto anapopewa jina la mzee, anakuwa ndoyi wake, na wanaheshimiana hata kaburini. Mama hakuogopa sana wanaume na wanawake. Aliogopa kwamba mkwe wake aliyelala angeachwa bila mtu wa kubeba jina lake duniani. Yaya alimweleza mara mbili kwamba jina la babu litabaki mahali pake pa kwanza, na kwamba linaloondoka ni la ubatizo tu. Mama alisikiliza, akarudi kwenye bukari, akasonga mpaka ikawa ngumu kupita kiasi. Kisha akasema kwamba jina la barabarani hataki. Mtu hajipi jina kama anayenunua kiatu sokoni. Akitaka jina, aombe.

Yaya aliomba. Ilichukua wiki tatu. Mama aliwasiliana na kaka zake huko Kasai, wakabishana kwenye simu, mmoja akakata, baadaye akapiga mwenyewe. Jina walilotoa lilikuwa la nkambo mwanamke, mama yake mama, aliyezaliwa pacha wa pili. Kwa Waluba wa Kasai pacha wa kwanza ni Mbuyi na wa pili ni Kabanga, wawe wasichana, wawe wavulana, au mmoja wa hivi na mwingine wa vile. Ni jina linalosema tu nani alitangulia na nani alifuata.

Mjomba aliyekuwa amekata simu aliongeza neno moja: kwamba nkambo huyo alikuwa mkali wa kazi, na anayechukua jina lake asilale mpaka saa mbili asubuhi.

Kinachofuata

Faili ya Yaya sasa iko kwa avoka. Ina ombi lililoandikwa kwa Kifaransa, nakala ya cheti cha kuzaliwa, nakala ya karte, na karatasi ya mahali anapoishi. Sababu iliyotajwa ni kifungu cha 58 pamoja na matakwa ya ukoo. Mama amekubali kwenda kusema mbele ya hakimu kwamba jina limetoka kwao. Feza za tribinali na za avoka, Yaya amekuwa akiziweka kidogo kidogo, dola 10 kwa mwezi inapowezekana. Mwezi wa kufungua shule aliweka zaidi, kwa sababu ya sare. Mwezi wa malaria ya mdogo wake hakuweka kitu.

Hukumu ikitoka vizuri, kazi haitaishia hapo. Itabidi cheti cha kuzaliwa kiandikwe mabadiliko pembeni, kisha karte mpya iombwe, kisha diploma, ambayo hutolewa na wizara kutoka Kinshasa. Kila mlango utataka nakala ya hukumu na uvumilivu. Na herufi M itabaki ilipo, mpaka siku wabunge watakapoandika kifungu ambacho leo hakipo, au hakimu mmoja atakapokubali kusoma vile vilivyopo kwa namna nyingine. Yaya hadanganyiki kuhusu hilo.

Kwa wengine walio katika hali kama yake, avoka anawakumbusha mambo machache. Wasinunue karte ya bandia mtaani, hata wakiahidiwa kwa bei rahisi, kwani hilo ni kosa la jinai na litawaondolea haki ile ndogo waliyo nayo. Watunze cheti cha kuzaliwa, na aliyekosa kuandikishwa aanzie hapo. Wasiende tribinali bila mtu wa ukoo, ikiwezekana, kwa maana hakimu wa Kongo husikiliza jina kwa masikio ya ukoo. Na wasimweleze karani wa mlangoni yale ambayo hata hakimu hakuyauliza.

Nyumbani, wadogo zake wameanza kulijaribu jina jipya. Wa mwisho alilitaja mara ya kwanza akiomba feza ya daftari, na Yaya akampa bila kuuliza daftari la kwanza lilikwenda wapi.